Geuza Karatasi

Mwalimu alipokea karatasi niliyotoka kuibandua ubaoni, na wala hakuitazama upande wa picha. Aliigeuza. Akasogea nayo dirishani, akapitisha kidole kwenye mgongo wa karatasi polepole, kama mama anayepapasa kitambaa dukani kabla ya kuuliza bei. Kidole kikasimama. "Hapa," akasema, "mkono wako ulikuwa wapi?"

Upande wa mbele, mahali pale palikuwa na anga ya jioni, na macho yangu hayakuona kasoro yoyote. Upande wa nyuma niliiona mara moja. Kote rangi ilikuwa imezama ndani ya karatasi hadi ikaacha kivuli cha buluu upande wa pili, isipokuwa doa moja, ukubwa wa sarafu, ambapo karatasi ilibaki nyeupe. Hapo sikuwa nimekandamiza sawasawa. Nilikuwa nimekumbuka kwamba siku ile ilikuwa zamu yangu kumchukua mtoto kwa jirani, na mkono ukafuata mawazo.

Hilo lilikuwa somo langu la kwanza la kweli katika uchapaji wa mbao wa Kijapani, na lilikuja mwezi wa tatu. Miezi miwili ya mwanzo nilidhani najifunza kutengeneza picha.

Mimi ni mchapaji. Nimekulia Tanga, na tangu nilipomaliza kidato cha nne nilifanya kazi kwenye karakana ya mjomba wangu Kariakoo, tukichapa fulana, kofia, mifuko na vitambaa vya sherehe kwa skrini, yaani wavu wa kitambaa uliotandwa kwenye fremu. Kazi yangu ilikuwa kuvuta wino: fremu inashuka, mpira unapita, fremu inanyanyuka, fulana inakwenda kwenye kamba. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nilikuwa nasema niko kwenye mambo ya matangazo. Neno msanii lilikuwa la yule anayechora mchoro kwenye kompyuta. Mchapaji lilisikika kama kibarua, na mimi mwenyewe niliamini hivyo. Mume wangu alipopata nafasi ya kusoma Japani nikafungasha, nikamfuata na mtoto wetu, nikadhani kazi ile nimeachana nayo.

Aliyenirudisha ni wimbi. Kila anayepita mitaa ya nguo amewahi kuliona: wimbi kubwa la buluu, povu lake limechongoka kama makucha, limeinama linataka kuanguka. Nimelichapa kwenye fulana mara zisizo na idadi. Mteja analeta picha aliyoitoa mtandaoni, tunaigawa rangi mbili, tunachapa, tunalipwa. Sikuwahi kuuliza ni la nani. Siku mume wangu aliponipeleka kwenye maonyesho jijini Tokyo nilikutana nalo ukutani, na kilichonishtua kwanza ni udogo wake. Karatasi ina takribani sentimita 25 kwa 37, unaweza kuipakata. Taa za chumba zilikuwa zimefifishwa kwa sababu rangi hizi hupauka zikipigwa na mwanga, ikabidi nisogee. Niliposogea nikaona watu.

Kuna mashua tatu ndefu ndani ya lile wimbi, na ndani ya mashua wapiga makasia wameinama, kila mmoja amejikunja nyuma ya mwenzake, wameng'ang'ania. Mashua za aina hiyo zilikuwa zikikimbiza samaki wabichi kwenda sokoni Edo, jiji ambalo leo ndilo Tokyo. Nyuma kabisa, chini ya mkunjo wa wimbi, Mlima Fuji umekaa mdogo, unaweza kuudhani ni wimbi jingine lenye povu. Mimi ni mtoto wa pwani. Najua mtu anavyojikunja ndani ya ngalawa bahari ikichafuka. Kwenye fulana zangu watu wale walikuwa vidoa vya wino tu. Miaka yote nilikuwa nawachapa na sijawaona.

Aliyechora ni Katsushika Hokusai, aliyezaliwa mwaka 1760. Wimbi lilipotoka, karibu mwaka 1831, alikuwa na miaka 70 hivi. Ni moja ya picha katika mfululizo wa mitazamo 36 ya Mlima Fuji, mfululizo uliopendwa mno hata zikaongezwa 10 nyingine, zikawa 46. Mwaka 1834 aliandika kwamba yote aliyoyachora kabla ya miaka 70 hayastahili kutajwa, na kwamba akifikisha miaka 110 kila nukta na kila mstari wake utakuwa hai. Alifariki mwaka 1849. Nampenda mzee huyu. Lakini siku ile nilitoka pale nikiwa na swali ambalo halikumhusu yeye. Anga iliyo nyuma ya wimbi inafifia kutoka kiza kwenda weupe, na huoni mpaka kati ya viwili hivyo. Nani alifanya vile kwa mkono, akarudia karatasi baada ya karatasi? Jina la Hokusai limeandikwa juu kushoto. La huyo mtu mwingine nililitafuta sikuliona.

Nikaanza kwenda kwenye darasa dogo la Jumamosi. Mwalimu wetu alikuwa mzee aliyechapa tangu ujana wake. Kijapani changu kilikuwa cha sokoni na hospitalini, kwa hiyo alinifundisha zaidi kwa mikono, na nadhani ilikuwa heri.

Jibu la swali langu lilikuwa kwamba picha moja ina watu wanne. Yupo mchoraji, wao humwita eshi. Yupo mchongaji, horishi. Yupo mchapaji, surishi. Na yupo hanmoto, mchapishaji mwenye duka, anayetoa mtaji, anayekisia picha ipi itauzika, anayewalipa hao watatu na kupata hasara peke yake picha isipotoka. (Nilipofafanuliwa huyu wa nne nilimwona Mjomba dhahiri, na daftari lake la madeni.) Mchoraji huchora mistari kwa wino mweusi kwenye karatasi nyembamba, kisha huikabidhi. Mchongaji huibandika kifudifudi juu ya ubao wa sakura (mcheri) wa mwituni, huisugua mgongo hadi ibaki utando, hupaka mafuta kidogo ili mistari ing'ae, halafu huchonga akipita katika karatasi ileile. Ubao ukikamilika, mchoro umekwisha. Umekatwakatwa pamoja na vibanzi vya mbao na kufagiliwa.

Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Maana yake mchoro uliobandikwa ubaoni kwa ajili ya wimbi haupo popote duniani. Hakuna sanduku la makumbusho lililouficha. Kila karatasi iliyotoka kwenye zile mbao ndiyo picha yenyewe, haikunakiliwa kutoka kwenye kitu kingine. Mimi nilikuwa nimelelewa na dhana kwamba kilichochapwa ni kivuli cha kitu halisi kilichopo mahali pengine, na kwamba anayechapa anashughulika na vivuli.

Na zilikuwa za watu wa kawaida. Picha moja ilinunuliwa kwa bei iliyokaribiana na bakuli la tambi za soba. Watu wa Edo walinunua sura za waigizaji wa kabuki, michezo ya jukwaani ya jadi, waliowapenda, wacheza mieleka, wanawake mashuhuri kwa uzuri, na baadaye mandhari ya safari. Waliziita ukiyo-e, picha za ulimwengu unaoelea. Zilibandikwa ukutani, zikachakaa, zikatupwa. Zilizobaki leo tunakwenda kuzitazama kwa tiketi.

Tulianza kwa kuchonga, ili tuheshimu ubao kabla ya kuupaka rangi. Mti wa sakura ni mgumu na nyuzi zake zimeshikana sana. Ndiyo maana unabeba mstari mwembamba usivunjike. Kisu unakishika kwa ngumi na kukivuta kuelekea kwako. Mstari wenyewe huukati: unakata ubavu wake huu, unakata ubavu wake ule, unaondoa kilicho pembeni, na mstari unabaki umesimama kama ukingo wa jaruba. Mimi nilipewa jani moja la mwanzi. Nililichonga Jumamosi nne, na ya nne ncha ikavunjika.

Baada ya hapo ndipo nikaenda kutazama wanawake waliochorwa na Kitagawa Utamaro, sura kubwa zilizochapwa katika miaka ya 1790, na safari hii nilitazama nywele. Pale nywele zinapoota juu ya paji la uso, kila unywele ni ukingo wa mti uliobakishwa na kisu. Kazi hiyo hakupewa kila mtu. Mchongaji mkuu alichukua kichwa na nywele. Wanafunzi wake walichukua nguo na mandhari, na kufikia kichwa kulimgharimu mtu miaka kumi au zaidi ya kukaa sakafuni mbele ya meza ileile. Mwalimu alituambia jambo ambalo nimelithibitisha baadaye katika kusoma: mara nyingi mchoraji hakuchora nywele zote. Alionyesha umbo, mchongaji akamalizia unywele kwa unywele. Kile ninachokistaajabia kwa jina la Utamaro kimetoka kwenye kifundo cha mkono wa mtu mwingine.

Hokusai alilijua hili kuliko wengi, kwa sababu kabla hajawa mwanafunzi wa uchoraji alifanya kazi ya kuchonga mbao akiwa kijana. Alipozeeka aliwaandikia wachapishaji wake barua akiomba kazi zake apewe mchongaji aitwaye Egawa Tomekichi, na akilalamika kwamba wachongaji wengine wanamharibia macho na pua za watu. Nimeipenda barua hiyo kuliko maneno yake kuhusu miaka 110. Ni barua ya fundi anayejua thamani ya fundi mwenzake na kumtaja kwa jina. Majina kama hayo ni machache. Katika miaka ya 1850 baadhi ya wachongaji walianza kuweka alama zao ndogo pembeni mwa picha; ukikutana na herufi zinazosomeka Hori Take, huyo ni Yokogawa Takejirō, na sasa kila nikiziona nasimama kidogo. Wachapaji hata hiyo pembe hawakuipata kwa wingi.

Kuchapa kwenyewe nilidhani nitakuweza. Rangi ni za maji. Unaisambaza kwenye ubao kwa brashi ya nywele za farasi pamoja na tone la gundi ya wali, unalaza karatasi, unaisugua mgongoni kwa baren. Baren ni kisahani kinachoenea kiganjani. Ndani yake kuna kamba iliyosokotwa kwa maganda ya mwanzi na kuzungushwa kama mkeka wa duara, nje kimefungwa ganda zima la mwanzi. Ganda likichakaa unalivua na kufunga jipya mwenyewe. Unakipitisha kwenye kitambaa chenye mafuta kidogo ya camellia ili kiteleze. Na ncha za brashi mpya hulainishwa kwa kusuguliwa kwenye ngozi ya papa iliyokaushwa. Ilikuwa imetundikwa ukutani. Niliigusa nikasikia nyumbani, maana mkwaruzo wa ngozi ya papa ni kitu ambacho mtoto wa Tanga hakisahau.

Kila rangi ina ubao wake, au sehemu yake ya ubao, na karatasi ile moja inatembea kutoka ubao hadi ubao. Kinachozuia picha isivurugike ni kento, alama mbili zilizochongwa pembezoni mwa kila ubao: moja ya umbo la kona, nyingine mstari mfupi. Kona ya karatasi inakaa kwenye ile ya kwanza, ukingo wake unaegemea ya pili. Basi, hakuna kifaa kingine. Tangu mwaka 1765, picha za rangi nyingi za Suzuki Harunobu zilipoanza kutoka Edo zikaitwa picha za hariri ya nakshi kwa wingi wa rangi zake, kazi yote ile imesimama juu ya alama hizo mbili. Kariakoo tulikuwa na bawaba za chuma na gundi ya karatasi, na bado rangi zilitupotea.

Nami nikapotea. Mwezi wa tano nilikuwa na karatasi kumi za picha ndogo, daraja na mto, rangi sita. Karatasi hutengenezwa kwa nyuzi za kozo, mmea wa jamii ya mforosadi, na hupakwa gundi ya ngozi iliyochanganywa na shabu ili rangi isisambae ovyo. Kabla ya kuchapa unailowanisha na kuiacha usiku kucha ikinywa maji sawasawa, na wakati wote wa kazi inabaki na unyevu uleule. Rangi nne za kwanza zilikaa vizuri mno. Tukaenda kula. Nilifunika rundo langu kwa kitambaa ambacho hakikufika pembeni. Niliporudi nikaendelea na rangi ya tano, na daraja likawa limetoka juu ya maji kwa upana wa ukucha. Nikadhani nimelaza vibaya. Karatasi ya pili vivyo hivyo. Ya tatu. Pembe zilikuwa zimekauka, na karatasi ikikauka hujivuta, inakuwa fupi kuliko mbao zake. Kumi zote ziliharibika kwa sababu ya chakula cha dakika arobaini.

Mwalimu hakunikemea. Alizipanga zote kumi sakafuni kwa mpangilio niliouchapa, akaniacha nizitazame. Nilichokiona ni kwamba baada ya ile ya kwanza nilikuwa na ushahidi wote mkononi, na bado nikachapa tisa zaidi. Nilikuwa natazama alama za kento, natazama rangi, natazama kila kitu isipokuwa karatasi. Kwenye skrini fulana haisinyai ukiwa umekwenda kula, kwa hiyo miaka yote sikuwa nimejifunza kuuliza kitu ninachochapia kina hali gani.

Ile anga inayofifia inaitwa bokashi, na haikuchongwa. Ubao wa anga ni bapa kabisa. Mchapaji hulowanisha ubao kwa kitambaa, hutia rangi upande mmoja tu wa brashi, akapitisha mara moja au mbili, na maji huvuta rangi ififie yenyewe. Kisha anafuta na kuanza upya kwa karatasi inayofuata. Uzito wa maji, wingi wa rangi, haraka ya mkono, vyote viko kichwani mwake. Mchoraji Utagawa Hiroshige, aliyezaliwa mwaka 1797 na kufa mwaka 1858, alijenga nusu ya umaarufu wake juu ya bokashi: mistari ya kiza juu ya anga, mto unaozama katika buluu. Buluu yenyewe ilikuwa ngeni. Nili waliijua tangu zamani, lakini hii ilitengenezwa Berlin, ikafika kwa meli za Waholanzi na Wachina, na ilipoanza kupatikana kwa bei nafuu karibu mwaka 1830 ndipo picha za mandhari zikapata bahari na anga za namna ile. Wimbi la Hokusai lina buluu hiyo.

Picha ya Hiroshige niliyoitazama kuliko zote ni ya mvua ya ghafla juu ya daraja la Shin-Ōhashi, ya mwaka 1857, katika mfululizo wa mandhari 100 mashuhuri ya Edo. Watu wanakimbia darajani wamejifunika mikeka na miavuli, mto umejaa kiza, mtu mmoja anasukuma chelezo cha magogo kama vile mvua haimhusu. Mvua imechongwa kwenye mbao mbili, na mwelekeo wa mistari ya ubao mmoja umetofautiana kidogo na wa mwingine, ndiyo maana inaonekana inapigwa na upepo. Mwaka 1887, akiwa Paris, Vincent van Gogh aliinakili kwa rangi za mafuta. Nimeona picha ya kazi yake hiyo. Ni nzuri, yenye nguvu, lakini mvua yake ni ya brashi. Mimi niliyevunjikiwa na ncha ya jani la mwanzi nalia na mvua ya yule mchongaji: mamia ya kingo nyembamba zilizoachwa zimesimama kwenye mti mgumu, ndefu, hakuna iliyokatika.

Mwaka wetu wa pili nilianza kwenda Jimbōchō, mtaa wa maduka ya vitabu vya zamani. Yapo maduka yanayouza picha za mbao, na zilizochakaa huwekwa kwenye makasha ya kupekuapekua. Mwenye duka mmoja aliniruhusu kushika picha ya mwigizaji wa kabuki, iliyotobolewa na wadudu, bei yake ikiwa ndogo kuliko viatu. Niliishika kwa mikono miwili, nikaigeuza. Mgongo ulikuwa na mizunguko ya baren, mistari iliyopinda ikifuatana, inakaza penye weusi wa nguo, inalegea penye uso. Nilifuata mizunguko ile kwa jicho. Mchapaji alianzia kulia. Alikuwa anavuta kutoka begani, si kifundoni, kama Mwalimu alivyokuwa ananisisitiza. Pale penye nyeusi alirudi mara ya pili. Mtu amekufa zaidi ya miaka 150 na bado niliweza kuuona mwili wake ukifanya kazi. Niliinunua. Ni kitu pekee cha anasa nilichonunua Japani.

Njiani kwenye treni nilimkumbuka Bibi. Bibi yangu wa Tanga hakuwahi kununua kanga bila kuigeuza. Muuzaji anaikunjua, wanawake wengine wanasoma jina, wanasifu pindo. Yeye anaishika ncha na kuigeuza atazame kama rangi imepenya. Isiyopenya aliirudisha. Alikuwa na kanga za zamani alizozitunza sandukuni, na za Japani alizisifu kuliko zote, kwa maana kuna miaka katika karne ya 20 ambapo kanga nyingi zilizouzwa pwani yetu zilichapwa Japani. Nilikuwa nimesikia maneno hayo utotoni na kuyaona ni ya wazee. Mwalimu na Bibi walikuwa na kipimo kimoja, na wa kwanza kunionyesha hakuwa Mwalimu.

Wapo Wajapani walioukataa utaratibu huu wa watu wanne. Mwaka 1904 Yamamoto Kanae alichapa picha ya mvuvi ambayo aliichora, akaichonga na kuichapa mwenyewe, na waliomfuata wakashika msimamo huo: msanii afanye yote. Upande mwingine alikuwapo mchapishaji Watanabe Shōzaburō aliyeamua kuufufua ushirika wa zamani kwa wachoraji wapya. Mchoraji wake mkubwa alikuwa Kawase Hasui, bingwa wa theluji na mvua na taa za jioni. Tetemeko la Septemba 1, 1923 liliteketeza duka la Watanabe pamoja na mbao zake, na Hasui akapoteza vitabu vyake vya michoro, 188. Alisafiri, akachora upya. Moyo wangu uko kwa Hasui na wachapaji wake. Naheshimu wanaotaka kufanya yote peke yao, lakini naona wanapoteza kitu, ile hali ya kulazimika kumwamini mtu ambaye ataushika mchoro wako na kuukata.

Isipokuwa Munakata Shikō. Huyu alizaliwa Aomori mwaka 1903, macho yake hayakuona mbali, akichonga uso wake unakaribia kugusa ubao. Alichonga kwa kasi, akisema anafuata sauti ya ubao wenyewe, na mwaka 1956 alipata tuzo kuu ya uchapaji kule Venice. Alitaka weusi wake ubaki mweusi mbele, kwa hiyo rangi alizipaka kwa nyuma, karatasi ikazinywa na kuzitoa upande wa pili zikiwa zimetulia. Nilipoambiwa hivyo nilimtazama Mwalimu, naye akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba amekuwa akisubiri nifike hapo.

Kabla hatujarudi nilichapa kazi ya mwisho. Nilichonga mwenyewe mbao tatu, ubao wa mistari akanichongea mwenzangu wa darasa aliyenizidi mkono, mchoro ulikuwa wa mume wangu: ngalawa mbili na mstari wa mikoko. Karatasi nane. Pembeni niliandika majina matatu kwa penseli, la mchoraji, la mchongaji, la mchapaji, na ilinichukua muda kuandika hilo la tatu.

Moja nilimpelekea Mjomba, akaitundika juu ya daftari lake la madeni. Nyingine nilikwenda nayo Tanga. Bibi siku hizi haoni vizuri. Aliketi mkekani, nikampa karatasi, nikaanza kumweleza mahali ilipotoka, habari za mbao na mwanzi na ngozi ya papa. Hakusubiri nimalize. Aliishika ncha kwa vidole viwili, akaigeuza, akaisogeza karibu na macho kuelekea mlango ulioingiza mwanga.

"Imepenya," akasema. Kisha akaigeuza tena atazame ni picha ya nini.